Eda ya Makaa

Mzee Shoka hakuuliza habari ya maumivu.
Sindano ilipotoka, dawa imekwisha kuingia,
alivuta shuka hadi kidevuni, akanong'ona
kama mtu anayekopa:
"Mwanangu, na huo mkojo wangu wenda wapi?"

Miaka thelathini na mmoja alipima karafuu za watu pale Wete,
hakuna gunia lililompita bila kuandikwa.
Sasa mwili wake unatoa mzigo usio mizani,
na choo cha chumba nambari nne
hakina karani.

Nikamwambia: ndani ya dawa mna metali, lutetiamu.
Huunguza uvimbe, na inayobaki hutafuta mlango.
"Mlango ndio mimi," akacheka, akakohoa.
"Na nje ya mlango ni bonde la mpunga la shemegi yangu."

Basi njoo nikuoneshe kwa maneno, maana miguu imekataa.

Makonyo, yale tuliyoyanyambua mkekani hadi vidole vikawa vyeusi,
niliyaomba Wawi yakiwa yamekwisha kukamuliwa mafuta,
yakinukia bado
kama kanga ya harusi iliyosahauliwa sandukuni.
Nikayachoma pasipo hewa.
Moto huzaa jivu, husema watu;
wangu niliunyima pumzi, ukazaa kitu kingine:
weusi wa kurasa, kurasa juu ya kurasa,
elfu hamsini ukizipanga
hazijatimia unene wa unywele wangu mmoja.
Vijiko viwili tu, lau vingekunjuka,
vingetandika uwanja wa Gombani goli hadi goli,
na kila ukingo una vidole vinavyongoja.

Ni urimbo, mzee.
Sodiamu hugusa kwa mkono mmoja, huponyoka.
Lutetiamu ina mikono mitatu,
na mwenye mikono mitatu hunasa kwa yote mitatu.

Sikudanganyi: mara ya kwanza haikunasa.
Maji yalikuwa makali, makaa yakafunga ngumi.
Mara ya pili kihesabio kilipasuka kelele
kama mahindi kikaangoni.
Usiku wa tatu Chumu, kijana wa mabomba, alifungua koki,
maji yakashuka kwenye chupa, meupe.
Tik.
Kimya kirefu.
Tik.
Hiyo ni ya dunia. Ndizi inayo, mifupa yangu inayo.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Chumu akanitania.
Sikuyazoa maji. Nilizoa kilichojificha ndani yake.

Ila makaa hayaui. Hushika tu.
Tulichokitoa majini kimehama nyumba, hakijafa,
na mpangaji mpya ni yule mweusi niliyemlea mwenyewe.
Tukamtia katika pipa la risasi,
chumba kisicho dirisha, kufuli mbili.
Hapo hakuna ufundi. Kuna kungoja.
Kila siku sita na ushei nusu hufa,
kisha nusu ya nusu.
Arubaini ikitimia, hazifiki mbili katika mia.
Miezi minne na siku kumi: katika milioni, moja,
labda na kipande.

Tarehe ya kufungua niliiandika kwa chaki juu ya pipa
nikidhani nimepiga hesabu ya fizikia.

Siku ya tisa wakamzika Mzee Shoka.
Dawa ilifanya ilichoweza. Bi Mgeni akakaa eda.

Pipa lilitoka kwanza.
Nikasogeza kihesabio: tik, kimya, tik.
Nikaenda kumwamkia, naye bado ana siku tisa,
akaniuliza kutoka nyuma ya pazia:
"Lile lake limekwisha?"
Limekwisha, bibi.
"Umeandika?"
Nikanyamaza.
"Andika. Yeye angeandika."

Nikafungua daftari gotini, pale pale barazani:
*Makaa ya makonyo, kilo tatu na robo.
Mwenye mzigo: Shoka Hamad, Wete.
Kilichobaki ndani:*
na mizani yangu yote sikuipata ya kukipima,
nikaacha pengo, nikatia sahihi.